UZI: Siku tisa Komoro na waongoza watalii wa kule kule. Volkano, kasa, popo wakubwa na watu wanaoongea karibu kama sisi

Nahodha wa Kusi:

Wakuu habari za jioni. Nimerudi Komoro wiki iliyopita na kuna watu humu niliwaahidi kwamba nitaandika. Nitashusha kwa vipande maana mambo ni mengi. Mwenye swali aulize tu katikati, nitajibu.

Tulikuwa watu sita, wanne wa Dar na wawili wa Tanga. Tulichukua safari ya kuongozwa, siku tisa, visiwa vitatu. Kila kisiwa kilikuwa na mwongoza watalii wake, mzaliwa wa palepale, halafu mmoja wa Moroni, mji mkuu ulioko kisiwa cha Ngazija, alikuwa nasi tangu tunashuka kwenye ndege mpaka tunapanda. Huyo wa Moroni watu wa mtaani kwake wanamwita Fundi. Nikadhani ni seremala au mwashi. Kumbe kwao fundi ni mwalimu, na yeye jioni anasomesha watoto madrasa. Basi na mimi humu nitamwita hivyo hivyo, Fundi.

Kwa wasiopajua: Komoro iko kwenye Mlango wa Bahari wa Msumbiji, katikati ya Msumbiji na Madagaska. Visiwa ni vinne: Ngazija, Nzuani, Mwali na Maore (Mayotte). Kwenye kura ya 1974 vitatu vilichagua kujitawala, Maore ikachagua kubaki na Ufaransa, na mwaka 2011 ikafanywa mkoa kamili wa Ufaransa. Uhuru wao ni tarehe 6 Julai 1975. Lakini bendera yao hadi leo ina nyota nne, na ukimuuliza mtu wa Moroni visiwa vyao ni vingapi, atakujibu vinne bila kufikiri.

Kutoka Dar ni kama saa moja na nusu angani. Nimeishi miaka mingi nikiona ndege zinaondoka kwenda huko na sikuwahi kujiuliza kuna nini.

Kiatu cha Mlimani:

Nimevuta kiti mkuu. Shusha.

Nahodha wa Kusi:

MORONI NA LUGHA

Siku ya kwanza Fundi alitupeleka mji wa zamani, pale bandarini. Kuna msikiti mweupe wenye matao mbele, msikiti wa Ijumaa wa zamani wa Badjanani, ambao wenyewe wanauhesabu tangu mwaka 1427. Nyuma yake ndiyo vichochoro vinaanza, milango ya kuchonga, kuta za mawe, nguo zimeanikwa juu. Mtu wa Lamu au wa Mji Mkongwe akishushwa pale usiku, asubuhi atahitaji muda kujua kwamba yuko nchi nyingine.

Palikuwa na mzee kakaa kwenye benchi la mawe, kwenye uwanja mdogo wanaouita bangwe. Kila mji una bangwe lake. Ndipo wanaume hukaa, hushauriana, hucheza bao. Nikamwinamia nikasema shikamoo. Akanitazama, akatabasamu, akamtazama Fundi. Fundi akanifundisha: hapa mkubwa unamwambia "kwezi", naye atakujibu "mbona". Nikamwambia kwezi. Mzee akaniitikia, "Mbona!", kwa sauti ya mtu aliyefurahi hasa. Kwetu mbona ni kuuliza au kulalamika, kwao ni kupokea salamu. Na "marahaba" yetu kwao ni asante. Kila nilipompa mtu kitu akasema marahaba, nilihisi kama nimeamkia bila kujua.

Fundi alitupa ufunguo mmoja ambao ulinisaidia safari nzima. Alisema sikilizeni pale nyinyi mnapoweka "t", sisi mara nyingi tunaweka "r" au kitu cha karibu na hapo. Mto ni mro. Mkate ni mkatre. Mtu ni mdru. Siku ya tatu nilikuwa nafuata mazungumzo ya akina mama kwenye daladala bila kukusudia. Si kwamba nilielewa yote, ila sikio lilikuwa limefunguka. Ukienda na mwongozaji asiyejali lugha hutapata hili. Utaongozwa kwa Kiingereza cha shida au Kifaransa na utarudi unasema Komoro ni ya Wafaransa.

Kaskazini kidogo ya Moroni tulisimama Itsandra. Hapo ndipo alipozaliwa mwaka 1861 Sayyid Ahmed bin Sumeit, yule mwanachuoni aliyekuwa kadhi Zanzibar na akafia huko 1925. Wazee wetu wa pwani walisoma kwa watu kama huyu, au kwa wanafunzi wao. Fundi alisimulia habari zake kama anasimulia babu yake mzaa mama.

Binti Mvita:

Nahodha nimesoma na machozi yananilenga. Bibi yangu mzaa baba alikuwa Mngazija, alizaliwa Unguja hakuwahi kukuona kwao. Alikuwa anajipaka usoni kitu cha rangi ya manjano akisema "msindzano", sisi watoto tukidhani ni jina lake yeye tu. Bado wanapaka?

Nahodha wa Kusi:

Dada Binti Mvita, wanapaka mpaka leo. Wanasugua mti wa msandali kwenye jiwe na maji. Tuliwaona wanawake sokoni nyuso zimepakwa kabisa, wanauza pilipili na ndizi, wala si kwa ajili ya watalii maana watalii tulikuwa sisi sita tu. Mmoja wa dada zetu wa Tanga alipakwa na mama mmoja pale pale sokoni, kwa kidole, polepole, shavu moja kisha jingine. Alikataa kunawa mpaka usiku.

NGAZIJA HAINA MTO

Hili lilinishangaza kuliko yote. Kisiwa kikubwa, mvua nyingi, misitu mlimani, na hakuna mto hata mmoja wa kudumu. Ardhi yake ni mawe ya volkano changa, yana vitundu kama sponji. Mvua ikinyesha inazama moja kwa moja. Kwa hiyo vijijini maisha yanategemea tangi la maji ya mvua. Nyumba tuliyolala upande wa kaskazini ilikuwa na tangi la saruji uani, kifuniko cha bati, na kopo lililofungwa kamba ya katani. Mama mwenye nyumba alitutolea maji ya kuoga ndoo moja moja, na kabla ya kuchota alichungulia kwanza ndani kuona yamebaki kiasi gani. Baada ya kuona lile jicho lake la kupima, hakuna kati yetu aliyemaliza ndoo.

KARTHALA

Mlima una mita 2,361 na ni volkano hai. Ililipuka 2005, 2006 na 2007, na mlipuko wa 2005 majivu yaliharibu maji ya matangi kwenye vijiji vingi. Sasa unganisha na nilichosema juu: majivu yakiingia tangini, huna mto wa kukimbilia.

Tulianza alfajiri kutoka Mvouni. Chini ni migomba na minazi, halafu msitu mzito wenye kangaga zilizorefuka kama migomba, ukungu unapita katikati ya miti. Mwongozaji wa mlimani, kijana mwembamba mwenye ndara tu miguuni, alitusimamisha ghafla na kutuonyesha mramba mweusi juu ya tawi. Mramba huyu hupatikana Ngazija tu, na hata hapo ni kwenye miteremko ya mlima huu. Alikaa kama dakika mbili, akaruka akadaka mdudu, akarudi tawi lile lile.

Juu zaidi msitu unaisha, kunabaki vichaka vigumu vya majani membamba na changarawe nyeusi. Tulilala karibu na kileleni kwenye mahema, baridi kali. Asubuhi tukasimama ukingoni. Bonde la kileleni lina upana wa kilomita 3 kwa 4 hivi, na ndani yake kuna shimo lingine. Hakuna aliyeongea. Sehemu moja ya ukuta ilikuwa inatoa mvuke. Yule kijana aliokota jiwe akanipa. Lilikuwa jepesi kama mkate mkavu.

Ushauri wangu: usipande Karthala bila mtu wa kule. Ukungu ukishuka njia inapotea mbele ya macho yako.

Dokta Mkoko:

Mkuu vipi kuhusu gombesa? Ulimwona? Mimi ndiye samaki aliyenifanya nisome baiolojia.

Nahodha wa Kusi:

Nilimwona, Dokta, kwenye jumba la makumbusho Moroni, aliyehifadhiwa. Ana urefu wa mtoto wa shule ya msingi, magamba makubwa, na mapezi yaliyotoka kwa kikonyo kama mikono mifupi.

Kwa ambao hawajui kisa: wanasayansi waliamini samaki wa jamii hii walitoweka pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 hivi iliyopita. Mwaka 1938 akavuliwa mmoja Afrika Kusini. Profesa J.L.B. Smith akamtafuta wa pili kwa miaka 14, akagawa matangazo yenye picha na ahadi ya zawadi pwani yote hii. Mwishoni mwa 1952 akapatikana Nzuani, karibu na Domoni. Na wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua siku zote! Jina lake walikuwa nalo, gombesa. Aliingia kwenye mshipi wakivua usiku kwenye kina kirefu, na hakuna aliyempenda kwa sababu nyama yake ina mafuta mengi.

Fundi alilisema hilo akiwa amesimama mbele ya kioo, na sauti yake ilibadilika. Alisema watoto wake anawafundisha hivi: dunia ilipopata habari za gombesa, babu zenu walikuwa wameshampa jina. Sasa ni marufuku kumvua, na upande wa kusini-magharibi wa kisiwa kuna hifadhi ya taifa yenye jina lake.

Mzee wa Hesabu:

Yote mazuri. Ila swali la msingi, kwa nini nisiende Mafia nione kasa na papa potwe kwa shilingi yangu mwenyewe? Komoro ina nini cha kunitoa nyumbani? Na gharama je?

Nahodha wa Kusi:

Mzee wa Hesabu, Mafia naipenda na nimekwenda mara tatu, sikuzuii. Ngoja nikusimulie Mwali kwanza, kisha uamue.

Gharama: pesa yao ni faranga ya Komoro, imefungwa kwenye euro, euro moja ni kama faranga 492. Beba euro taslimu. Ukitoka Moroni usitegemee kadi. Kinachokula pesa nyingi ni ndege, boti za kati ya visiwa na mahali pa kulala. Chakula ni nafuu na ni kile kile unachokijua: wali wa nazi, samaki, kisamvu wanachokiita mataba, mkate wa sinia. Na usiwakatie waongozaji bei. Wageni ni wachache mno, huyo mtu anaweza kukaa wiki kadhaa bila kazi.

MWALI

Boti inaondoka Chindini, kusini mwa Ngazija, kwenda Hoani. Siku yetu kusi lilikuwa linavuma. Boti ya kwanza ilishajaa watu na magunia, na maboya ya kujiokolea hayakutosha. Mwenye boti alisisitiza tupande, bahari haina shida. Fundi alikataa. Waligombana pale ufukweni kwa adabu lakini kwa ukali, na sisi tukakaa kwenye kivuli saa tatu kusubiri nyingine. Wenzangu wawili walinung'unika. Tulipofika katikati ya mkondo na kuona mawimbi, hakuna aliyenung'unika tena. Mwongozaji anayekubali kupoteza nusu siku kwa ajili ya uhai wako ndiye wa kumlipa.

Mwali ni kisiwa kidogo kuliko vyote vitatu na kina watu wachache. Katika karne ya 19 kilitawaliwa na mwanamke, Jumbe Fatima. Leo sehemu kubwa ya kisiwa na bahari yake ni hifadhi. Ilianza 2001 kama hifadhi ya bahari, na 2020 UNESCO ikaitangaza Mwali hifadhi ya bayosfia (biosphere reserve).

Sasa Itsamia. Ni kijiji cha pembeni, ufukwe mfupi, na kasa wanapanda kutaga mwaka mzima. Wenyewe wanamwita nyamba, jina linalokukumbusha ng'amba wetu. Hakuna hoteli kubwa wala taa. Wanakijiji wana chama chao tangu miaka ya 1990 mwanzoni. Ndio wanaolinda ufukwe usiku na ndio wanaokuongoza. Ada yako inaingia kwao.

Tulitoka saa nne usiku. Mwongozaji wetu hapo alikuwa mama wa makamo, kajifunga leso mbili, ana tochi yenye mwanga mwekundu aliyoiwasha mara chache sana. Alitukalisha mchangani, akatwambia tusiseme. Baada ya muda tukasikia pumzi nzito, kama mtu anayebeba mzigo anapanda ngazi. Kasa alipita hatua tano kutoka miguuni kwangu. Akachimba kwa mapezi ya mbele, mchanga ukaturukia usoni, kisha kwa mapezi ya nyuma akachimba shimo la mayai, pezi moja linachota, jingine linasubiri, kwa zamu, taratibu kama mama anayepakua ubwabwa. Alipoanza kutaga, yule mama alituruhusu kusogea kwa nyuma. Mayai meupe, mviringo, yanaanguka mawili matatu, yanameta kwa ute. Zaidi ya mia kwa shimo moja. Machoni mwake machozi mazito yanateremka. Ndivyo kasa anavyotoa chumvi mwilini, lakini yule mama alisema kwao watoto wanaambiwa analia kwa kuwaacha wanawe.

Alitueleza pia kwamba zamani watu walikuja kwa boti usiku kuchinja, asubuhi ufukwe umejaa magamba na matumbo. Kaka yake alikuwa mmoja wa waliokuwa wanachinja. Sasa ni mlinzi.

Mzee wa Hesabu, hicho ndicho kilichonitoa nyumbani. Kasa nimewaona kwingine. Kijiji kizima kinachomlinda kwa kujipangia zamu wenyewe, sikuwa nimekiona.

Kesho yake Ouallah, kuwaona popo wa Livingstone. Ni popo mweusi mwenye mabawa yanayokaribia mita moja na nusu, na wapo Mwali na Nzuani tu duniani kote, takribani 1,300 waliobaki. Hawangoji giza. Saa tisa alasiri walikuwa wanazunguka juu ya bonde kwa kuelea, bila kupiga mabawa, kama mwewe. Ukiwatazama kwa darubini unaona masikio ya duara kama ya dubu.

Binti Mvita:

Na Nzuani? Na je, mwanamke anaweza kwenda peke yake? Na harusi kubwa zao uliiona?

Nahodha wa Kusi:

Naunganisha majibu dada.

Mwanamke anaweza kwenda, ila vaa kwa heshima kama unavyovaa Mvita na utapokelewa kama binti wa nyumbani. Dada zetu wawili waliingizwa vyumba ambavyo sisi wanaume hatukuviona.

Harusi tuliikuta Ngazija, maana Julai hadi Septemba ndipo ndugu zao wanaoishi Ufaransa wanarudi. Wanaiita anda. Mwanamume anaweza kuwa ameoa, ana watoto, ana digrii, lakini asipofanya anda hakai mstari wa mbele bangweni na neno lake halina uzito kamili. Akiifanya anahesabiwa mtu mzima hasa. Watu huweka akiba miaka mingi. Bwana harusi alipita kavaa joho lenye nakshi za dhahabu, nyuma yake msafara wa wazee wenye majoho yao. Na huyo bwana anakwenda kukaa nyumbani kwa mke. Nyumba ni ya mwanamke, inarithiwa na mabinti. Nilimuuliza Fundi, ukiachana na mkeo? Akasema, "Mimi ndiye ninayebeba begi."

Nzuani nitafupisha, tulikaa siku moja na nusu tu na nilijuta. Mutsamudu ni mji wa vichochoro vyembamba chini ya ngome ya karne ya 18 iliyojengwa kuzuia mashambulizi kutoka Madagaska. Wanawake wanavaa shiromani, shuka la nyekundu na nyeupe. Nilipojitambulisha kuwa ni Mtanzania, mwenye duka alinishika mkono na kunikumbusha Machi 2008, wanajeshi wetu walipoteremka pale na majeshi ya Umoja wa Afrika kumwondoa Mohamed Bacar, kiongozi wa Nzuani aliyekuwa amekataa kuachia madaraka. Hakutaka nilipie soda.

Halafu mlangilangi. Komoro ndiyo inaongoza duniani kwa mafuta yake, yale yanayoingia kwenye manukato ya bei mbaya. Mti wanaukata na kuupinda uwe mfupi ili maua yafikiwe kwa mkono. Wachumaji, wengi wanawake, huanza kabla jua halijapanda. Maua yanapikwa kwenye pipa kubwa, mvuke unapita kwenye bomba lililozamishwa ndani ya maji baridi, na mafuta yanaelea juu. Kilo 50 za maua hutoa kama kilo moja ya mafuta. Yanayotoka saa za mwanzo ndiyo ghali. Ya mwisho yanakwenda kwenye sabuni. Mzee wa mtambo alinitonea tone moja kiganjani. Begi langu linanukia hadi leo.

Ila nisifiche: moto ule unakula kuni usiku kucha, na vilima vya Nzuani vimebaki vipara. Kisiwa hiki, tofauti na Ngazija, kilikuwa na mito mingi ya kudumu. Mingi sasa inatiririka kipindi cha mvua tu. Mwongozaji wetu alitusimamisha kwenye daraja ambalo chini yake ni mawe makavu, akasema hapa ndipo alipojifunzia kuogelea. Hakuongeza neno, tukaendelea.

Mzee wa Hesabu:

Nimekuelewa mkuu. Nitumie mawasiliano ya Fundi faragha. Miezi gani mizuri?

Nahodha wa Kusi:

Nakutumia. Mei hadi Oktoba ni kiangazi. Nyangumi wanapita Julai hadi Oktoba hivi. Sisi tuliwaona wawili kutoka Nioumachoua, mama na mwana. Kasa wapo wakati wowote.

Na jambo moja la mwisho. Uwanjani Hahaya nilimuuliza Fundi nimletee nini nikirudi. Akasema vitabu vya hadithi vya watoto vya Kiswahili, kwa sababu wanafunzi wake wakivisoma kwa sauti wanaelewa nusu na wanashindana kubahatisha iliyobaki. Nimeshakusanya 23. Nani anakwenda kabla ya Desemba? Nitamletea mpaka mlangoni.

Binti Mvita:

Mimi. Nakata tiketi ya Oktoba. Niongezee na vya bibi yangu, bado tunavyo kabatini.